Ng'ombe Gani Anakula Majani Yako?

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa nasukuma mashine ya kukatia majani nyuma ya nyumba tunayoishi hapa Uppsala, Uswidi. Simu nilikuwa nimeiegemeza dirishani, na mama yangu alikuwa upande wa pili, Lushoto. Tulishaamkiana, nilishaulizwa habari za watoto na za kazi. Akanyamaza, akawa ananitazama nikienda na kurudi. Kisha akauliza: "Mwanangu, hayo majani unamkatia ng'ombe gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa anauliza kweli. Lushoto mtu akikata majani, kuna ng'ombe zizini anayesubiri. Nikamweleza kwamba ng'ombe hayupo, kwamba tunakata, tunayatupa, na Jumamosi ijayo tunakata tena. Akawaza. "Basi hapo pote mnakula nini?"

Nakuuliza wewe swali hilohilo, ndugu yangu. Wewe uliye Borås, wewe wa Tampere, wewe wa Trondheim. Wewe uliyetoka Uvira ukapitia kambi ya Nyarugusu, ndege ikakushusha kwenye mji ambao jina lake mpaka leo mwanao ndiye anayekusahihisha ukilitamka. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umekaa miaka mingapi? Jembe lako liko wapi?

Najua utakachojibu, kwa sababu nami nilikuwa najibu hivyohivyo: huku hakuoti kitu. Nilipanda bamia, zikafikia urefu wa kidole, zikasimama hapohapo mpaka baridi ya Septemba ikaja kuzichukua. Nilipanda maharage ya nyumbani niliyoyaficha kwenye soksi za safari (mnisamehe, sirudii). Kila mwaka nilikuwa naibembeleza ardhi hii iwe Lushoto, na kila mwaka inakataa. Nikarudi kwenye majani na mashine yake.

Basi iache hiyo mashine. Nakuletea mmea unaoitaka baridi hii, ambao bila majira ya baridi ya kweli hauzai vizuri. Waswidi huuita lingon, Wanorwei tyttebær, Wafini puolukka, Warusi brusnika. Kiswahili bado hakijaupa jina, nami najipa ruhusa: tunda ni lingoni, na mmea wake ni mlingoni, kama tusemavyo ndimu na mndimu. Umeshauona, hata kama hukujua unautazama. Ni ule mmea mfupi uliotanda chini ya misonobari kila unapokatisha msituni. Na ile jemu nyekundu wanayokuwekea pembeni ya vibonge vya nyama kwenye kantini ya kazini, ukaisukuma ukingoni mwa sahani, ndiyo yenyewe.

Uutazame vizuri mara moja, utaelewa ninachokuambia. Kimo chake ni kati ya sentimita 10 na 30, haufiki goti. Majani ni madogo kama ukucha, manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, na ukiyageuza unakuta vidoti vyeusi kwa chini. Hayapukutiki. Novemba, wakati mji mzima umekuwa rangi ya kijivu na wewe mwenyewe unajiuliza ulikuja kufuata nini, mlingoni uko kijani vilevile. Mei na Juni hutoa maua kama vikengele, meupe yaliyochanganyika na waridi, na nyuki wale wanene wenye manyoya huja kuning'inia humo. Mwisho wa Agosti na Septemba vikengele vimekuwa vishada vya matunda mekundu, kila tunda kama punje ya njegere. Usipoyachuma yote, mengine hubaki mpaka theluji ya kwanza inapoanguka juu yake. Jirani zako hulipa pesa dukani kupata nyekundu na kijani ya namna hiyo mlangoni kwao mwezi wa Desemba.

Chini ya udongo mlingoni hutuma vitawi vinavyotambaa kimyakimya, na hapa na pale vikachomoza shina jipya, kama ukoka, ila huu una adabu ya ukoo wake: hauendi mbio, haumkimbilii jirani. Panda miche yako kwa kuachanisha sentimita 30 hivi, tisa kwa mita moja ya mraba, na mwaka baada ya mwaka itashikana mikono mpaka upate zulia. Ni zulia lisilokatwa, lisilotaka petroli, linalozaa chakula. Niseme na hili: halikanyagiki. Kama watoto wako wana uwanja wa mpira nyuma ya nyumba, uwanja ubaki. Mimi nakutafuta kwenye ule ukanda wa mbele usiopitwa na mtu, na kwenye kile kimteremko unachokikata kwa shida huku mashine inakuvuta.

Sasa tuje kwenye udongo, kwa maana hapa ndipo wengi wetu tutaanguka, na tutaanguka kwa sababu ya mapenzi.

Mimi nilianguka. Milingoni yangu ya kwanza niliipokea kama alivyonifunza mama kupokea mche wowote: shimo kubwa, samadi ya kuku tele, na majivu kidogo ya jiko la kuni juu yake. Udongo wa kujazia nilinunua gunia la kawaida la bustani, muuzaji akaniapia kwamba unafaa kwa mimea yote. Nikamwagilia kila jioni kwa maji ya bomba. Kufikia Agosti majani yalikuwa ya njano yenye mishipa ya kijani. Kufikia masika yaliyofuata sikuwa na cha kumwonyesha mama kwenye simu. Niliiua kwa ukarimu. Mlingoni ni mmea wa udongo maskini. Mizizi yake ni mifupi, haina vile vinyweleo vya kunyonyea, na imefunga ndoa na kuvu maalumu wanaoichotea chakula kwenye udongo mchachu usio na kitu. Ukiimwagia samadi umevuruga ndoa hiyo. Ukiongeza majivu umeutoa uchachu ambao ndio uhai wake. Na gunia la kawaida la bustani mara nyingi limeshachanganywa na chokaa kiwandani.

Uchachu gani, basi? Wewe unaujua. Kama umewahi kupita Kericho, Mufindi, Rungwe au Usambara kwetu, umeuona udongo wa chai. Chai hustawi kwenye udongo wenye pH ya kama 4.5 hadi 5.5, na mlingoni huomba karibu hivyohivyo. Nilipolielewa hilo niliona haya, maana nimekulia kando ya chai. Udongo ambao bibi yangu alikuwa akilalamika kwamba mahindi hayataki kuota juu yake, ndio mlingoni ungeushangilia.

Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, toka nje na chupa ya siki. Chota udongo mkavu kijiko kimoja, mimina siki juu. Ukichemka povu, una chokaa humo, na usipoteze pesa kujaribu kuubadilisha. Kisha fungua birika la chai na uchungulie ndani. Likiwa na ukoko mweupe, maji yako ya bomba nayo yana chokaa. Birika letu hapa Uppsala liko hivyo, na chini ya miguu yetu ni mfinyanzi mzito. Hapo hatuchimbi shimo, tunajenga juu. Mbao nne, kina cha sentimita 30, mbali na ukuta wa zege kwa sababu zege nayo hutoa chokaa mvua inapoisugua. Jaza udongo wa magunia yaliyoandikwa rhododendronjord, ambao umetengenezwa kwa mimea ya uchachu, uchanganye na magome ya misonobari yaliyosagika. Maji kinga ya mvua kutoka kwenye paa, pipa moja linatosha kuanzia.

Povu lisipotoka, na jirani akiwa ana marododendroni, mimea ya uchachu, yaliyonawiri, na misonobari imekuzunguka, wewe umependelewa. Nunua kipima pH cha bei ndogo ujihakikishie, chimba, panda.

Palilia. Hilo ndilo jasho lenyewe, na silifichi. Miaka miwili ya kwanza milingoni ni midogo na magugu yana njaa, na adui mkubwa wa mmea huu ni magugu kuliko baridi. Usiingize jembe kwa kina, maana mizizi iko juujuu. Ng'oa kwa mkono. Kisha tandaza maranda au majani ya misonobari, unene wa vidole vitatu, uyaongeze kila mwaka. Umepiga magoti kwenye mashamba ya mpunga ya Ruzizi, umepalilia maharage ya watu kwa kibarua, leo kipande cha mita tatu ndicho kikushinde?

Na usinunue mche mmoja. Mlingoni unaweza kujichavusha wenyewe, lakini ukiupa mwenzake wa aina nyingine unazaa zaidi na matunda huwa makubwa. Aina mbili za Kiswidi, Sussi na Sanna, zilichaguliwa kutoka mimea ya porini hukuhuku na zimezoea shida zetu. Koralle ya Uholanzi hupendwa na watu wa mapambo, kwa kuwa inajaa vizuri na kuzaa sana. Waingereza wa chama cha kifalme cha bustani waliipa tuzo yao ya heshima. Na ninyi mlio ng'ambo ya bahari msijitoe. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitoa aina mbili, Regal na Splendor, kutokana na mbegu zilizotoka Ufini. Zilifika Marekani kama mlivyofika ninyi, hazina mtu, na zimeota. Mlioko Maine, kule Portland na Lewiston, nanyi mko ndani ya nchi ya mmea huu, maana ndugu yake mdogo wa Amerika Kaskazini huota porini hapo kwenu. Kule Newfoundland wanamchuma na kumpikia jemu kwa jina lao wenyewe.

Nikitaja ndugu, kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea aliyefundisha katika mji huu ninamoandikia, aliuandika mmea huu kitabuni mwaka 1753 kwa jina Vaccinium vitis-idaea, yaani mzabibu wa mlima Ida, mlima wa Wagiriki wa kale. Hilo jina la kwanza, Vaccinium, ni la ukoo. Na ukoo huo una mtu wake kwetu. Milima ya Rwenzori na ile ya mpakani mwa Kongo, Rwanda na Burundi ina Vaccinium stanleyi, mti mdogo wa baridi ya juu wenye matunda madogo yanayolika. Kwa hiyo wewe Mkongo wa Kivu unayeniambia vitu hivi ni vya Wazungu, inua macho uitazame milima ya kwenu.

Turudi kwenye visingizio, kwa kuwa navisikia mpaka hapa.

"Nimepanga ghorofani, sina ardhi." Una roshani? Vyungu viwili vya maua vyenye upana wa sentimita 30, aina mbili, udongo wa uchachu, maji ya mvua. Majira ya baridi visogeze ukutani na uvizungushie gunia, maana mizizi ya chunguni haina kitu cha kuifunika. Na jiandikishe kwenye foleni ya viwanja vya bustani vya kukodi vya mjini kwako. Foleni ni ndefu, ndiyo. Jiandikishe leo.

"Mpaka uzae vizuri ni miaka mitatu au minne." Ni kweli. Lakini wewe uliyekaa ukisubiri kibali cha ukaazi, uliyesubiri kuunganishwa na mkeo, uliyehesabu miezi kwenye kambi kwa kuchora ukutani, kweli wewe ndiye wa kuogopa kusubiri? Hakuna mtu katika mtaa wako mwenye shahada ya kusubiri kama yako.

"Msituni zipo bure." Zipo, na nenda! Uswidi kila mtu ana haki ya kuingia msituni akachuma, raia na asiye raia, na tangu 1994 haki hiyo imetajwa katika katiba yao. Wengi wetu hatuitumii kwa sababu tunaogopa kwamba mtu atatoka kichakani atuulize vitambulisho. Chukua ndoo, chukua lile sega lao la kuchumia lenye meno ya chuma, ingia. Ila usichimbe mmea ukauhamishia kwako, hilo haki haikuruhusu bila idhini ya mwenye ardhi. Tena msitu una masharti yake: unataka gari, unataka siku nzima, unataka magoti yenye nguvu. Bibi aliyekuja kwa kuunganishwa na familia, ambaye hatoki ndani kuanzia Oktoba, hafiki msituni. Hatua sita kutoka mlangoni anafika. Nimemwona bibi wa namna hiyo, jirani yetu wa ghorofa ya chini, kanga mbili na koti zito juu, ameinama juu ya milingoni yangu akinung'unika kwamba nimeacha nzuri zikaozea mtini. Nilimwachia bakuli. Alinirudishia likiwa limejaa, na lawama juu yake.

"Ni chachu mno." Chachu, tena na uchungu kidogo nyuma yake. Lakini sisi ni watu wa ukwaju, wa ndimu juu ya muhogo wa kuchoma, wa embe bichi na pilipili. Ni lini tulianza kuogopa uchachu? Waswidi huchukua kilo moja ya lingoni na nusu kilo ya sukari au pungufu, wakakoroga zikiwa mbichi, bila moto, mpaka sukari iyeyuke. Basi. Hukaa kwenye friji muda mrefu, kwa sababu tunda lenyewe limebeba asidi ya benzoiki inayozuia lisiharibike. Zamani, sukari ikiwa ghali, watu walizitia tu ndani ya maji na zikakaa majira yote ya baridi. Wafini huzipigia uji wa semolina mpaka ukawa povu la waridi, watoto wakalamba bakuli. Mimi huzisonga kwa tangawizi, chumvi, kitunguu saumu na pilipili moja, nikazipeleka kwenye pilau. Kwenye arusi moja hapa mjini kopo langu lilizunguka meza tatu, na mzee mmoja wa Tanga akaniuliza huu ni ukwaju wa wapi.

Nimwambie nini? Nilimwambia wa nyuma ya nyumba.

Kuna mambo mawili madogo nisiyotaka ugundue kwa machozi kama mimi. Usiku wa Mei hapa hudanganya: jioni umekaa nje na shati, alfajiri kuna baridi kali inayobabua maua yaliyofunguka. Ukisikia utabiri huo, funika kwa shuka zito au blanketi la zamani na ulitoe asubuhi. Na mahali pasipo theluji ya kutosha, upepo mkavu wa Februari hukausha majani ya kijani huku mizizi imeganda haiwezi kuyanywesha. Matawi machache ya misonobari juu yake yanatosha. Theluji ikiwa nyingi, iache. Lile ndilo blanketi lake, na chini yake mlingoni hustahimili baridi ambayo ingekufungia wewe ndani wiki nzima.

Septemba iliyopita nilimpigia mama, simu ikiwa dirishani palepale. Nikamwonyesha bakuli.

"Hizo ni pilipili?"

"Hapana, mama. Ni matunda. Chachu kama ukwaju."

"Za kununua?"

Nikageuza simu nje, nikamwonyesha zulia lenyewe, lile la kijani lenye damu ya mzee ndani yake. Akatazama kwa muda mrefu sana, mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akaona kilichokuwa nyuma yangu.

"Na hayo ya ng'ombe bado yapo?"

Bado yapo, mita nne kwa tano upande wa uzio. Aprili, udongo ukishayeyuka, nasimamisha mbao hapo. Na milingoni yangu imeanza kuchomoza kwenye kijia, vichipukizi kumi na viwili vyenye mizizi yake, ambavyo lazima vihame kabla watoto hawajavikanyaga. Njoo na sanduku. Koleo ninazo mbili.